Unywele Kwenye Chupa

Alikuwa mtazamaji wa chupa. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka ishirini na miwili, na mtu yeyote katika kiwanda kile cha chupa ukimwuliza jina lake la nyumbani angekuna kichwa. Walimwita Mama Taa, kwa sababu alishinda kutwa mbele ya kisanduku chenye kioo cheupe na taa ndani yake, chupa zikipita mbele ya ule mwanga moja baada ya nyingine juu ya ukanda. Zilikuwa chupa ndogo za kahawia, za dawa ya kikohozi.

Chupa yenye povu ndani ya kioo aliitupa. Yenye mdomo uliopinda aliitupa. Lakini adui wake mkubwa alikuwa ufa mwembamba unaojificha chini ya shingo ya chupa, ambao wafanyakazi waliuita unywele. Unywele hauonekani chupa ikitulia. Unametameta mara moja tu chupa inapogeuka, kisha unapotea. Ukiupitisha, chupa itafika kwenye mashine ya kujazia dawa, itafungwa kizibo, itabandikwa karatasi nzuri, na siku moja mama fulani ataishika kumnywesha mwanawe, shingo ibaki mkononi. Mama Taa alimfikiria huyo mama kila siku. Hakuwahi kumwona, lakini alimwonea huruma kama jirani.

Mumewe alikuwa kinyozi, mtu wa maneno mengi, mwenye kibanda chenye kiti kimoja na vioo viwili. Alipenda kuwaambia wateja wake, "Nyumba yetu ni ya nywele tupu. Mimi nazitafuta vichwani, mke wangu anazitafuta kwenye chupa. Jioni tunakutana, kila mtu kachoka na nywele zake."

Mama Taa alikuwa na mdogo wake wa kike, wa mwisho kuzaliwa, ambaye alimlea mwenyewe baada ya mama yao kufariki. Mdogo mtu aliolewa na kijana mpole wa pale pale kiwandani, aliyekuwa akisimamia tanuri la kupoozea. Chupa inapotoka kwenye kalibu, kile chuma kinachoipa umbo, bado ni moto mkali, na ikipoa ghafla hupasuka. Kwa hiyo hupitishwa polepole ndani ya tanuri refu kama korido, joto likipungua kidogo kidogo hadi upande wa pili. Shemeji alikuwa hapo, akitazama mishale ya vipimo vya joto na kufungua na kufunga matundu ya hewa. Mtu wa kimya. Hata akicheka, alicheka kwa mabega tu.

Mdogo mtu alipojifungua mtoto wa tatu, miguu yake ilikataa kumbeba vizuri. Alihitaji mtu wa kumsaidia kuanzia mchana. Mama Taa akaenda kwa msimamizi wa zamu, akamwomba kwa unyenyekevu kwamba shemeji yake awekwe zamu ya asubuhi moja kwa moja, asizungushwe kama wenzake. Msimamizi alimheshimu, akakubali. Siku hiyo mdogo wake alimshika mikono yote miwili akamwambia, "Dada, wewe si dada tena. Wewe ni mama." Maneno hayo Mama Taa aliyabeba kwa muda mrefu.

Mwaka ule chupa zilizorudishwa na wanunuzi zilizidi, na wenye kiwanda wakaleta mkufunzi kutoka nje kufundisha ubora kwa siku tatu. Alikuwa bwana mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi hadi kwenye mikunjo ya mikono. Wafanyakazi waliketi kwenye ukumbi wa chakula, wengi wao wakishukuru tu kwamba wamepumzika na kelele za mashine. Mama Taa alikaa mbele na daftari la mtoto wake wa kike, lililobakiwa na kurasa.

Mkufunzi aliwaeleza habari za watu wanne waliobadilisha namna viwanda vinavyofikiri. Majina yao yalikuwa ya kuuma ulimi, kwa hiyo kufikia saa ya chai wafanyakazi walikuwa wameshawapa majina yao wenyewe. Wa kwanza alikuwa Mmarekani, mtaalamu wa takwimu, aliyekwenda kuwafundisha Wajapani baada ya vita kuu ya pili. Huyo alisema makosa mengi sana kazini hayatokani na mfanyakazi bali na mfumo mzima aliowekwa ndani yake, na mfumo ni mali ya wakubwa. Alisema pia kwamba watu wakiogopa hawasemi ukweli, kwa hiyo ondoa hofu. Wakamwita Mzee wa Hofu. Wa pili alifundisha kwamba sababu za matatizo ni nyingi lakini zenye uzito ni chache, uzitafute hizo kwanza. Huyo akawa Mzee wa Wachache. Wa tatu alisema kazi ifanywe sawasawa mara ya kwanza, na lengo liwe dosari sifuri. Mzee wa Sifuri. Wa nne alikuwa Mjapani, aliyewafundisha wafanyakazi kukaa kwa vikundi na kuchora sababu za tatizo kama mifupa inayotoka kwenye uti wa mgongo wa samaki.

"Huyo mimi ndiye wangu," alisema dereva wa gari la kunyanyulia mizigo. "Mzee wa Samaki. Angalau kwake kuna kitoweo."

Watu wakacheka. Mama Taa hakucheka, kwa sababu alikuwa amekwama kwenye jambo moja. Siku ya pili alinyoosha mkono.

"Mwalimu, umesema yule Mzee wa Hofu alikataza kutegemea ukaguzi. Mimi kazi yangu ni ukaguzi. Sasa mimi nifanye nini?"

Mkufunzi akavua miwani.

"Mama, chupa ikifika kwako imeshakuwa nzima au mbovu, sivyo?"

"Ndiyo."

"Macho yako yanaweza kuiponya?"

"Hayawezi. Naitupa tu."

"Basi alichosema ni hicho. Hakukudharau wewe. Alisema twende kule chupa inakougulia."

Mama Taa alirudi nyumbani siku hiyo akiwa kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba wa zamani. Alimwambia mumewe, "Miaka yote hii nimetupa chupa mbovu. Sijawahi kufanya hata moja ikawa nzima." Mumewe alitaka kutia mzaha, akamtazama usoni, akaacha.

Wiki iliyofuata waliunda kikundi chao. Walikuwa watano: yeye, shemeji yake, yule dereva, na wanawake wawili waliosafisha kalibu. Walikutana baada ya zamu kwa nusu saa, wakiwa wamekaa juu ya makreti, na nyuma ya boksi lililokunjuliwa wakachora samaki. Kichwani mwa samaki waliandika UNYWELE. Kwenye mifupa wakaandika kila walichokifikiria: mchanga wenye uchafu, kalibu zilizochakaa, mashine, watu, joto, hewa. Shemeji mwenyewe ndiye aliyesema waandike "msimamizi wa tanuri" kwenye mfupa wa watu.

"Na wewe unajichoma mkuki mwenyewe?" dereva alimuuliza.

"Kama ni mimi, nijue," alijibu.

Kisha Mama Taa akafanya kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Kwa mwezi mzima, kila alipotupa chupa yenye unywele, alipiga mstari kwenye karatasi, chini ya saa husika. Mwanzoni haikuonyesha kitu. Baadaye mistari ikaanza kurundikana upande mmoja, kama watu wanaokimbilia kivuli. Ilikuwa kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu za asubuhi. Baada ya saa tatu, nyufa zilipungua zikawa chache tu hadi kesho yake.

Walizitazama karatasi zile kwa muda. Halafu dereva akajipiga paji la uso.

"Jamani! Saa kumi na mbili na nusu ndiyo nafungua ule mlango mkubwa. Malori yanapakia mpaka saa tatu."

Mlango ule ulikuwa unatazamana na mdomo wa tanuri, pale chupa zinapotokea zikiwa bado na joto. Baridi ya asubuhi iliingia moja kwa moja, ikazipiga shingoni. Shemeji alisimama akaenda mlangoni, akarudi, akanyoosha mkono wake hewani kama mtu anayepima mvua. Mabega yake yakaanza kucheka.

Wakaamua kujaribu. Asubuhi moja dereva alisingizia kwamba funguo za mlango hazionekani. Malori yakapanga foleni nje, madereva wakapiga honi mpaka wakachoka. Siku hiyo Mama Taa alikaa mbele ya taa yake akihesabu. Siku ya kawaida, katika masaa yale, alitupa chupa arobaini hadi hamsini za unywele. Siku hiyo alitupa sita.

Sita! Alihesabu mara mbili. Aliinuka kwenye kiti chake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla ya mapumziko, akaenda mpaka kwenye tanuri akamwonyesha shemeji yake vidole sita kwa sababu kelele zilikuwa nyingi. Shemeji akamrudishia vidole sita. Walisimama hivyo, watu wazima wawili, wakionyeshana vidole kama watoto. Dereva alitukanwa siku nzima kwa sababu ya zile funguo, na hakujali.

Mdogo mtu alipopata habari aliwaalika wote nyumbani kwake, akapika, akakaa na miguu yake juu ya kigoda akiwasikiliza wanavyokatizana maneno. Kinyozi alikuwepo pia, na alisema kwamba kuanzia sasa nywele zimebaki kwake peke yake. Hakuna jioni ambayo Mama Taa ameikumbuka kuliko hiyo.

Walipeleka karatasi zao kwa meneja. Aliwapokea vizuri, akawaagizia soda, akasikiliza hadi mwisho. Mama Taa alieleza habari za mlango, akaomba vitu viwili: ama upakiaji usogezwe mbele hadi baada ya saa tatu, au ujengwe ukuta mfupi wa kukinga mdomo wa tanuri. Meneja akapiga makofi.

"Hongereni sana. Hii ndiyo faida ya mafunzo." Akaziinamia karatasi, akapitisha kidole kwenye ile safu yenye mistari mingi. "Kwa hiyo tatizo liko kwenye masaa haya. Na masaa haya ni zamu ya nani?"

Lilikuwa swali dogo, limeulizwa kwa sauti ya kawaida. Shemeji, ambaye alikuwa na furaha na hakuwa na neno moyoni, akanyoosha mkono.

"Yangu mimi, bosi."

"Sawa," meneja alisema, akaandika. "Niachieni hizi karatasi."

Walisubiri wiki tatu. Wiki ya nne wakakuta mafundi wamepanda ngazi juu ya ule mlango mkubwa wa malori. Mama Taa alidhani wamekuja kupima ukuta. Kumbe walikuwa wanatundika bango refu la kitambaa lenye maandishi mekundu: DOSARI SIFURI INAANZA NA WEWE. Chini yake mlango ulikuwa wazi kama kawaida, na upepo ukilipeperusha lile bango.

Siku hiyo hiyo shemeji aliitwa ofisini akapewa barua ya kuachishwa kazi. Ilisema kwamba uchunguzi wa kitakwimu umeonyesha kiwango cha juu cha dosari katika zamu yake kwa muda wa mwezi mzima mfululizo, ikilinganishwa na wenzake. Pamoja na barua ilibanwa nakala ya karatasi ya Mama Taa. Mistari ilikuwa ile ile, kwa mkono wake ule ule. Ila pale juu, alipokuwa ameandika saa, mtu alikuwa ameandika majina.

Wasimamizi wengine wa tanuri walikuwa wakizungushwa zamu, leo jioni, kesho usiku, kwa hiyo baridi ya mlango haikuwapata. Mmoja tu ndiye aliyekuwa asubuhi siku zote. Mama Taa aliposoma barua ile alikumbuka nani alikwenda kuomba iwe hivyo.

Alikwenda kwa meneja bila kubisha hodi.

"Mama Taa, karibu uketi."

"Siketi, bosi. Karatasi zetu hazikumsema mtu. Zilisema mlango."

"Nimeelewa. Nimezisoma vizuri kuliko unavyofikiri."

"Sasa mbona umemfukuza mtu?"

Meneja alifunga faili lililokuwa mbele yake. Hakuwa mtu mkali. Alizungumza kama anayemwonyesha mgeni njia.

"Wakubwa wanataka kuona hatua imechukuliwa. Nikiwaambia najenga ukuta, watauliza kwa nini haukuwepo, nani alichora jengo, na mimi nilikuwa wapi miaka yote hiyo. Nikiwaambia nasogeza malori, wateja watapiga simu. Nikiwaambia nimemwondoa mtu, hakuna anayeuliza kitu. Mlango hauna barua ya ajira, mama."

"Lakini tulifundishwa hapa hapa. Kosa ni la mfumo. Yule mzee alisema tuondoe hofu."

"Yule mzee alikuwa na Wajapani," meneja alisema. "Mimi nina nyinyi, na juu yangu nina wao." Akalifungua faili tena. "Unadhani mimi siogopi?"

Mama Taa alimtazama. Aliona kweli anaogopa, na kujua hivyo hakukumsaidia kitu.

Alibaki na namba ya simu ya mkufunzi, iliyoandikwa nyuma ya daftari. Alimpigia wakati wa chakula akiwa amesimama nyuma ya stoo ya makreti. Mkufunzi alimkumbuka, akamsikiliza bila kumkatiza, akapumua kwa nguvu.

"Pole sana, mama. Nyinyi mmefanya kila kitu sawasawa. Ningekuwa na wanafunzi kama nyinyi kumi..."

"Njoo uwaambie, mwalimu. Wewe watakusikia."

"Mimi niliitwa kwa siku tatu. Sasa hivi niko kiwanda kingine, nafundisha." Nyuma yake zilisikika kelele za mashine. "Nilileta maarifa, mama. Mamlaka sikupewa hata mimi."

Nyumbani kwa mdogo wake alikwenda jioni ile ile. Shemeji alikuwa uani akifua nguo za watoto, akamsalimia kwa heshima kama siku zote. Mdogo mtu alikuwa kitandani na barua mapajani.

"Dada, huu si mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Uliandika wewe, kwa mkono wako?"

"Niliandika saa, mdogo wangu. Sikuandika majina. Hata mumeo alikuwepo, tulifanya wote."

"Mume wangu hakuhesabu kitu. Alikuwa anakuja nyumbani ananiambia, leo dada yako kahesabu hivi, leo kahesabu vile. Anafurahi. Mimi nikafurahi naye." Alikunja barua, akaikunja tena, mpaka ikawa kipande kidogo. "Mwezi mzima ulikuwa unamhesabu."

"Nilikuwa natafuta ukweli."

"Umeupata. Haya, nenda nao."

Mama Taa alisimama pale mpaka taa ya chumba ilipowashwa na mtoto mkubwa, na mdogo wake alikuwa ameshageukia ukutani.

Kikundi kilikufa bila mtu kukiua. Wale wanawake wawili wa kalibu walisema wana haraka ya kurudi nyumbani. Dereva alihamishiwa geti la nyuma baada ya mtu kusema habari za funguo. Pale kiwandani watu walijifunza somo, lakini halikuwa lile la ukumbini. Walijifunza kwamba namba zina meno. Wasafisha kalibu waliacha kuripoti kalibu iliyochakaa. Msimamizi mpya wa tanuri, aliyewekwa asubuhi, mishale ya joto aliijaza kwenye daftari kabla hata ya kuitazama, yote sawa, yote mahali pake.

Na Mama Taa naye. Hili ndilo ambalo hakulisema kwa mtu yeyote kwa muda mrefu isipokuwa mumewe. Alipewa fomu mpya ya kujaza dosari kwa kila zamu, yenye nafasi ya jina la msimamizi wa tanuri. Siku ya kwanza alihesabu arobaini na nne, akaishika kalamu, akaliona lile jina. Kijana huyu naye alikuwa na watoto. Akaandika saba. Kesho yake akaandika nane, ili isifanane. Chupa mbovu alizitupa kama kawaida, akazichanganya na vipande vya kusagwa, zikarudi kwenye tanuri kubwa kuyeyushwa, na kwenye karatasi ikawa hazikuwahi kuwepo.

"Nilikuwa na macho tu," alimwambia mumewe. "Sasa hata hayo nimeyafanya waongo."

"Umemwokoa yule kijana."

"Nimemwokoa nani? Chupa bado zinapasuka."

Kinyozi aliinuka akaanza kukunja taulo zake za kazi.

Mwisho wa mwaka meneja alisoma takwimu mbele ya wafanyakazi wote. Dosari zilikuwa zimeshuka kuliko mwaka wowote. Aliwashukuru kwa kuelewa maana ya bango. Mama Taa alitajwa mfanyakazi bora wa mwaka, akapewa saa ya ukutani, picha yake ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Katika picha ile anatazama pembeni. Watu walisema ni aibu ya kamera.

Haikuwa aibu. Macho yalikuwa yameanza kumsumbua. Miaka ishirini ya kukodolea taa ilikuwa imefanya yake, au labda ni umri, hakuna aliyejua. Kwanza aliona duara la ukungu kuzunguka kila chupa. Halafu ukungu ukaingia kati. Alijifunza kugeuza kichwa ili aone kwa pembe ya jicho la kushoto, akajikaza kisabuni, hakumwambia mtu. Hakuwa na uhakika tena kama anatupa zote. Usiku usingizi ulimpaa akimfikiria yule mama asiyemjua, mwenye mtoto anayekohoa.

Mnunuzi mkubwa wa chupa alirudisha shehena nzima. Chupa zilikuwa zimepasuka kwenye mashine yao ya kujazia, na mfanyakazi wao mmoja alikatwa vidole viwili. Wakubwa walikuja, safari hii wenyewe. Walitembea kiwandani na kofia nyeupe, wakapita chini ya bango, wakapita mlango mkubwa uliokuwa wazi, mmoja wao akafunga kola ya koti kwa sababu ya baridi. Waliamua kununua mashine ya kamera ya kutazama chupa. Mama Taa na watazamaji watatu wa zamu nyingine wakapewa shukrani na barua za kuachishwa kazi.

Meneja alimpa mkono. "Unakumbuka yule mzee?" alimwambia, kwa nia njema kabisa. "Alisema tusitegemee ukaguzi wa macho ya watu."

Mama Taa alikumbuka vizuri kwamba si hivyo alivyosema. Hakubishana. Alichukua kikombe chake cha chai na mto aliokuwa akikalia, akatoka kwa geti la nyuma, ambako dereva alimfungulia na kumwambia "Pole, Mama Taa" bila kumtazama.

Kutokea hapo alianza kwenda kwa mdogo wake kila Jumamosi. Walikuwa wamehamia chumba kimoja, mbali, upande wa mji ambako maji hununuliwa kwa madumu. Shemeji alikuwa anabeba zege kwenye majengo, na mgongo ulikuwa umeanza kupinda. Yeye hakuwa na kinyongo. Siku moja alimsindikiza hadi barabarani akamwambia, "Shemeji, usijitese. Hukukosea hesabu hata kidogo." Mama Taa angependa zaidi atukanwe.

Mdogo mtu hakumfukuza. Alimpa kiti, alimpa maji, aliwaita watoto wamsalimie mama yao mkubwa. Kisha aliendelea na kazi zake akiwa amekaa, miguu imenyooshwa, na hakusema naye neno mpaka anapoondoka. Kwa miezi mingi Mama Taa alizungumza peke yake ndani ya chumba kile. Alisimulia habari za binti yake aliyeanza chuo, habari za kinyozi na wateja wake, habari za hospitali, ambako daktari alimwambia jicho la kulia limekwisha na la kushoto watajaribu lakini asitegemee sana. Hapo tu aliposema habari ya macho, alisikia mdogo wake ameacha kusuka ukili aliokuwa nao mikononi. Alingoja. Baada ya muda ukili ukaendelea.

Jumamosi moja alibisha hodi, akaitikiwa na sauti ngeni. Mpangaji mpya alimwambia waliokuwepo wameondoka tangu katikati ya wiki na vyombo vyao vyote. Bwana alikuwa amepata kibarua mahali, wapi hasa hakujua. Hawakuacha salamu. Namba ya simu ya shemeji ilikuwa haipatikani siku ile, na haijapatikana tena.

Kinyozi amekwenda kuuliza kwenye majengo mengi. Binti yao ameuliza mashuleni. Kuna mtu alisema alimwona mwanamke anayetembea kwa shida, na watoto watatu, kwenye soko fulani, lakini watu wa namna hiyo ni wengi.

Siku hizi Mama Taa hukaa kwenye benchi la kibanda cha mumewe. Hawaoni tena watu sura, anaona vivuli vikiingia na kutoka, na anawatambua kwa sauti: huyu fundi viatu, huyu mwalimu, huyu jirani mwenye maneno mengi. Wateja wanampenda. Kila kivuli cha mwanamke kinachopita mbele ya kibanda kwa mwendo wa pole, yeye huacha alichokuwa anasema na kutega sikio. Anajua kwamba hata mdogo wake akipita hapo, hatamjua mpaka aseme. Na anamjua mdogo wake, hatasema.